Betri za Kupaka Ukuta wa Candiru

Inuse kwanza. Kabla hujashika bisibisi, kabla hujamuuliza mwenye simu imeanguka wapi, ilete puani. Simu iliyonyeshewa ina harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi. Simu iliyoungua kwenye chaji inanuka plastiki, hiyo mnaijua wote. Lakini ukisikia harufu tamu, tamu kama mapera yaliyoiva kupita kiasi, au kama rangi ya kucha, iweke chini taratibu, juu ya udongo, na uwaambie watu wasogee. Betri hiyo imepasuka ndani.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo nililofundishwa kwanza, na kama hamtasoma zaidi ya hapa, angalau hilo mtakuwa nalo. Mimi nimeacha benchi ya kutengeneza simu. Macho hayaoni tena skrubu ndogo, na mkono wa kulia unatetemeka nikishika waya wa kulehemu. Shule nilisoma kidogo, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Ninawaandikia nyinyi mnaokalia sasa vibanda vya Arua na Koboko, Walugbara, Wakakwa, na ndugu zetu waliovuka kutoka Kongo, na ninaandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayoitumia wote kugombana kwenye benchi. Sina hakika kama mzee aliyestaafu ana la kuwafundisha. Simu zenu sasa hata hazina skrubu, zimebandikwa gundi. Lakini nina habari! Nimetoka nayo kijijini kwetu Adumi na bado inanichemka kifuani, nikilala inaniamsha nicheke. Nikianza na Adumi mtapotea, basi nivumilieni tupitie Koboko kwanza.

Koboko nilifundishwa na Mzee Taban. Alikuwa fundi wa redio, na kabla ya redio alikuwa askari, na Kiswahili chake kilibaki cha kambini, kifupi, cha amri. Siku ya kwanza aliniwekea simu mbele yangu nikaanza kuifungua.

"Wewe! Pua iko wapi?"

"Iko hapa, Mzee."

"Iko nafanya kazi?"

"Inafanya."

"Sasa kwa nini nafungua kama mutu hana pua?"

Chini ya benchi yake palikuwa na ndoo ya mchanga mkavu. Wateja walidhani ni ya kutemea tumbaku, na wengine walitema kweli, akawafukuza. Sikujua kazi ya ndoo ile mpaka fundi mwenzetu alipong'oa betri iliyovimba kwa ncha ya kisu. Ilianza kufoka. Moshi mweupe ukatoka, watu wakaruka viti. Mzee Taban alikuwa katikati ya hadithi ya mbuzi wake aliyekula daftari za mtoto wa jirani. Akachukua koleo, akaikamata ile betri, akaizika kwenye mchanga, akaweka kifuniko, akaendelea na mbuzi pale pale alipoachia. Alipomaliza mbuzi ndipo akasema:

"Betri nasema imekufa. Usiamini. Iko kama askari amelala lindo. Wewe nagusa, yeye naamka na bunduki."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Simu inazima kwa sababu betri haina nguvu ya kuibeba, lakini ndani kuna kiasi kimebaki, na hicho kilichobaki kinatosha kukuunguza uso. Tena si zote. Nyingine zimekufa kweli, unaweza kuzipiga nyundo zikakaa kimya. Shida ni kwamba kwa nje zinafanana. Kumbukeni hilo la kufanana, ndilo lililonitesa Adumi.

Zamani kazi yetu nyingi Koboko ilikuwa kuchaji. Watu walitoka Midia siku ya soko, wanaacha simu mezani, wanaandikiwa namba kwa chaki, wanakwenda zao. Wanauza mihogo, wanasalimiana, wanakula, wanarudi wakikumbuka. Mwingine alisahau kabisa, anakuja soko lijalo: "Ah, kumbe iko hapa! Mimi nilidhani nimeipoteza njiani." Na hakuwa na wasiwasi wowote usoni.

Halafu mambo yakabadilika, taratibu, sikuona ni lini. Watu wakaanza kubaki. Wanaacha simu kwenye chaji halafu wanakaa pale pale kwenye benchi wakiitazama, kama watu waliopeleka mgonjwa hospitali. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki wakavu. Simu yake ilikuwa mezani kwangu, imezimwa, yeye amesimama upande wa pili. Ghafla akajishika paja.

"Inaniita."

"Mama, simu yako ni hii hapa. Imezimwa."

"Lakini nimesikia mguuni!"

Akafunua kitenge kidogo akatazama mguu wake, kweli alitazama, na foleni nzima ikafa kwa kicheko. Nilicheka sana. Jioni ile, nikitembea nyumbani, paja langu likatetemeka. Nikaingiza mkono mfukoni. Simu nilikuwa nimeiacha kibandani.

Sitaki kuwa mtu wa upande mmoja. Mama huyo huyo alikuwa na mwana aliyekwenda Juba, na muda mrefu hakuna aliyejua kama yuko hai. Siku mwana alipopiga, simu ilikuwa kwenye chaji, na waya wangu ulikuwa mfupi. Mama akaongea naye akiwa ameinama juu ya meza yangu, shavu karibu liguse mbao, na foleni ile ile iliyomcheka ikanyamaza mpaka alipomaliza. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema simu imeharibu dunia, namkumbuka yule mama ameinama. Na nikisikia mwingine anasema simu haina neno lolote, namkumbuka pia, anafunua kitenge.

Sasa, betri zilizokufa. Tulizitupa wapi? Mnajua. Nyuma ya vibanda kuna mtaro, mvua inakuja inabeba, inapeleka chini bondeni ambako watu wamepanda mboga. Hakuna aliyetuambia pa kuzipeleka, na mpaka leo sijui. Nilipohamia Arua nilianza kuzitia kwenye gunia chini ya benchi, pakavu, mbali na jiko. Sijui kama hiyo ni busara au ni kuahirisha tu. Lakini gunia lilijaa, na nilipomwachia benchi Lemi, gunia lilikwenda pamoja na benchi. Lemi ni Mkakwa wa Midia, baba wa watoto, fundi mwenye mikono mizuri kuliko yangu, hilo naliandika bila kuumia sana. Nilimwambia asiliache linyeshewe na asilisogeze kwenye moto. Kwamba asimpe mtu, sikusema. Nani angeomba takataka ile?

Haya, tumefika Adumi!

Marehemu kaka yangu aliacha binti, Candiru. Ni mshonaji wa sare za shule hapa Arua, vidole vyake vinakwenda juu ya cherehani kama vinacheza. Anaolewa na kijana wa Koboko, na watu wa upande wa mume walikuwa wanakuja kwetu Adumi kujitambulisha. Kwetu wageni kama hao hawaingii nyumba yenye ukuta uliochakaa. Wanawake wa nyumbani wanasiriba ukuta upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, halafu chini, kuzunguka nyumba yote, wanapaka mkanda mweusi, na pembeni ya mlango wanachora. Mkanda ukiwa wa kijivukijivu, wageni wanaondoka na maneno.

Weusi ule, tangu nikiwa mdogo, unatoka kwenye betri za tochi, zile za duara. Wanazipasua kwa panga, wanatoa unga mweusi wa ndani, wanauchanganya na uji wa muhogo ushike. Mwenye kusimamia kazi hii kwetu ni Shangazi Drateru, dada mdogo wa baba yangu. Aliolewa na askari, akakaa kambini miaka mingi, na akikasirika anaacha Kilugbara anaingia Kiswahili. Ukisikia Kiswahili nyumbani kwetu, kaa chini.

Shangazi ana sheria yake ya kusiriba. Ilianza kwenye harusi iliyopita, msichana mmoja alipopaka ukuta kwa mkono mmoja huku mwingine unapiga video. Ukuta ukatoka na mawimbi upande mmoja. Tangu hapo, kabla ya kugusa udongo, simu zote zinaingia kikapuni, kikapu kinaning'inizwa kwenye nguzo ya jiko, na hakuna anayekigusa mpaka mkanda mweusi ukamilike. Mimi niliisifu sana sheria hiyo. Nilisema wazee wote wangefanya hivyo.

Basi asubuhi, siku moja kabla ya wageni, nilikwenda kumsalimia Lemi kibandani.

"Fundi mkubwa! Karibu. Ile takataka yako imeondoka."

"Imeondoka wapi?"

"Adumi. Wamama wa kwenu walikuja na boda, wamebeba gunia lote. Ati shangazi yako ametuma."

"Wanafanyia nini?"

"Si kupaka nyumba ya Candiru? Wamesema betri za tochi hazipatikani siku hizi, kila mtu anamulika na simu. Nikasema hii pia ni betri, chukueni."

Nilicheka. Naapa nilicheka, kwa sababu hesabu yao ilikuwa sawa kabisa. Simu zimeua tochi, basi simu zilipe weusi! Halafu nikaona panga. Nikaliona linapanda, na nikaona kinachofanyika kabla halijashuka: kuna mtu anashikilia betri juu ya jiwe kwa vidole ili isiteleze. Na anayeshikilia siku zote ni bibi harusi, ndiyo desturi, kwamba weusi wa kwanza upite mikononi mwake. Na wanakaa wapi? Chini ya upenu wa nyasi, kwenye kivuli.

Lemi aliona uso wangu. "Nimekosa?"

"Hukukosa. Piga simu kwa Candiru. Vidole vyake viko chini ya panga!"

Akapiga. Nami nikapiga. Nikapiga kwa kila mwanamke wa nyumbani ambaye namba yake ninayo. Zote zinaita, zinaita, hakuna anayepokea. Kikapu! Kile kikapu nilichokisifu kilikuwa kinanguruma kwenye nguzo na hakuna aliyegeuza shingo.

Nikakimbilia steji ya boda. Kijana wa boda alikuwa mzaliwa wa ng'ambo, Kongo, simu ameifunga kwenye usukani kama kioo.

"Mzee, twende mbio ao twende muzuri?"

"Vyote viwili!"

Tukatoka mjini, lami ikaisha, vumbi likaanza, na kila mara naona jicho lake linashuka kwenye simu. Baada ya msitu wa mikaratusi akasimama kabisa.

"Ngoja kidogo, Mzee, mutu ananitumia video."

"Kijana, nyumba inataka kuungua!"

"Nyumba ya nani?"

"Ya kwetu! Na mtoto wangu yuko ndani ya hayo mambo!"

"Sasa mbona haukusema? Shika mimi!"

Akaing'oa simu, akaitia ndani ya koti, na hakuitazama tena mpaka Adumi. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu nilimtukana moyoni nusu nzima ya kwanza ya njia.

Tulipoingia uani nikaona kama nilivyoona kichwani. Wanawake wamekaa duara chini ya upenu wa nyasi, gunia limefunguliwa mdomo, beseni la udongo liko tayari. Katikati, jiwe. Candiru amepiga magoti, ameshika betri bapa kwa ncha za vidole, amefumba jicho moja. Na panga la Shangazi liko juu.

"Usikate!" nikapiga kelele.

Panga likasimama hewani. Shangazi akageuka, akanitazama toka viatu mpaka kichwani, na akaingia Kiswahili.

"Wewe, simama hapo! Simu!"

"Shangazi, sikiliza kwanza..."

"Simu kwanza. Sheria iko moja. Hata bwana harusi akikuja, naweka. Weka!"

"Shangazi, hiyo betri..."

"Weka!"

Na panga bado liko juu, na vidole vya Candiru bado viko chini yake. Wanangu, sijawahi kutoa simu mfukoni kwa haraka namna ile. Ilinaswa na uzi, nikaivuta na mfuko ukageuka nje, ikaanguka kwenye beseni la udongo. Mwanamke mmoja akaiokota, akaipangusa kwa kiganja, akaitia kikapuni kwa heshima zote.

"Haya," Shangazi akasema, akashusha panga kando. "Sasa sema."

Nikasema. Nilisema vibaya, pumzi imekatika, nimechanganya mchanga na askari na mbuzi wa Mzee Taban. Wakanisikiliza. Halafu Shangazi akauliza, na swali lake lilikuwa la haki:

"Mimi nimepasua betri tangu matiti haijaota. Lini umeona betri nawaka?"

"Zile ni za tochi, Shangazi. Hizi ni nyingine."

"Ndani iko nyeusi?"

"Ndiyo, nyeusi ipo."

"Basi."

"Niacheni niwaonyeshe," nikasema. "Moja tu. Mbali, huko kwenye uwanja."

Nikaomba mchanga, nikaomba wote wakae upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wake ni mbaya kifuani. Nikahitaji chuma kirefu. Hakukuwa na chuma kirefu isipokuwa mkuki wa marehemu kaka, uliokuwa umechomekwa kwenye paa. Basi nioneni: mzee mzima, suruali mfuko umening'inia nje, ananyemelea kibetri cha simu kwa mkuki. Wanawake wakaanza kunipigia vigelegele kama mwindaji.

"Angalia, Fundi, isikukimbie!"

"Ina pembe hiyo!"

Nikachoma. Kimya. Nikachoma tena, nikaipindua. Imekaa hapo kama kipande cha biskuti. Nikachukua ya pili. Ikatoa sauti ndogo, fyuu, ikanyamaza. Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka barabarani, na kijana wa boda alikuwa hajaondoka, naye akacheka.

"Umestaafu kweli!" mmoja akaniambia.

Niwaambieni nilivyojisikia? Nilianza kujitilia shaka. Labda Lemi anajua zaidi. Labda nimekaa miaka yote na hofu ya Mzee Taban kichwani, na leo nimekuja kuharibu kazi ya wanawake. Shangazi hakucheka. Alinihurumia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Imekufa, mtoto wa kaka. Mambo iko hivyo. Candiru, shika ingine."

Candiru akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa nyingine, akapiga magoti.

"Ngoja!" nikasema. "Ya mwisho. Niichague mimi."

Nikapiga magoti mbele ya gunia. Nikaingiza kichwa ndani. Nilinusa. Vumbi, plastiki, kutu. Nikachambua kwa mkono, nikanusa tena. Halafu, chini kidogo, mapera yaliyoiva! Ilikuwa betri kubwa ya simu ya kioo kipana, imenona tumboni kama mto. Nikaibeba kwa viganja viwili kama yai mpaka uwanjani, nikarudi nyuma urefu wote wa mkuki, nikachoma.

Ilifoka kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji. Moshi mweupe ukaruka juu, halafu moto, moto mrefu, wa rangi isiyo ya kuni, na betri yenyewe ikajirusha kutoka kwenye ncha ya mkuki, ikaelekea kwenye nyasi! Nikamwaga mchanga, nikaikosa. Shangazi, na umri wake ule, akalibeba beseni la udongo wa ukuta akalimwaga lote juu yake. Ikazimika. Ikawaka tena ndani ya udongo, ikatoboa tundu, ikatoa moshi. Mimi na kijana wa boda tukarundika mchanga mpaka ikakoma.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Candiru alikuwa ameirudisha ile yake kwenye gunia bila kuambiwa. Alikuwa anatazama viganja vyake, anavigeuza huku na huku.

Shangazi akatazama kikapu kwenye nguzo. Akatazama wasichana wa duarani.

"Na hii ndiyo nyinyi nalala nayo chini ya mto?"

Ingenifaa ninyamaze pale, maana nilikuwa nimeshinda. Lakini ukweli ni ukweli, nikasema kwamba betri nzima, isiyovimba, ndani ya simu isiyobonyea, haiwaki hivi hivi; kwamba kinachowaharibia usingizi chini ya mto si moto huo. Wakanitazama kama mtu anayemtetea mwizi. Haidhuru. Nimelisema.

"Sawa," Shangazi akasema. Hasira ilikuwa imekwisha, amerudi kwenye Kilugbara. "Umenizuia. Sasa nipe weusi. Wageni wanakuja kesho, na udongo wangu umeishia kuzima moto wako."

Hapo ndipo siku ilipogeuka! Shangazi akakaa, akakuna kichwa kwa mpini wa panga, halafu akaanza kucheka peke yake. Mama yake, akasema, hakuwa na betri. Hakukuwa na tochi Adumi yote. Na nyumba zilikuwa na mkanda. Bondeni, chini ya udongo mwekundu, ukichimba kwenye majimaji kuna udongo mweusi kama masizi, na mama yake aliuchanganya na masizi yenyewe ya vyungu. Yeye aliuacha alipoona betri kambini, kwa sababu betri ni rahisi.

Wakashuka bondeni kwa mbio na majembe na mabeseni, na huko chini nikasikia kelele ya watu waliotumbukia. Mimi nikapewa masufuria yote ya nyumbani nikwangue masizi matakoni. Kijana wa boda alisaidia. Nikamwambia Shangazi, kwa uangalifu, kwamba hata zile betri za duara unga wake si mzuri, watoto wanakwangua ukuta na kulamba vidole, na mvua inaupeleka shambani.

"Nimepaka maisha yangu yote," akasema, "na bado nakushinda kutembea kwenda Arua."

Ni kweli, ananishinda. Lakini aliuangalia ule udongo wa bondeni uliopandishwa, akautia kidole, akaupaka mkononi, na weusi wake ulikuwa unang'aa kama ngozi ya kiboko aliyetoka majini. Akasema tu, "Mm." Kwa Shangazi hiyo ni hotuba.

Mchana wote tukapaka. Mwanzoni kila kikapu kiliponguruma, vichwa viligeuka vyote pamoja, kama kuku waliosikia mwewe. Baadaye vichwa vichache. Baadaye walikuwa wanatukanana na kuimba na kusahihishana mistari, na kikapu kinanguruma peke yake. Paja langu lilitetemeka mara nyingi tu, na kila mara mkono ulikwenda kwenye mfuko ulio mtupu. Candiru aliona. Akaniambia, "Baba mdogo, hata mimi. Nikishona pia." Hakucheka alipolisema, nami sikucheka.

Betri nilizifunga ncha kwa utepe, nikazipanga ndani ya jerikani iliyokatwa, mchanga kati ya kila safu. Zipo hapa kwangu ninapoandika, pakavu. Lemi na mimi tunauliza kila lori la wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna aliyetupa jibu tunaloliamini. Kama mmoja wenu anajua zinakopelekwa kwa usalama, aje aniambie, mimi sijui. Ila gunia wazi chini ya benchi, hapana tena. Mchanga. Na mkimwachia mtu benchi, mwambieni na yale ambayo hakuna mtu angeomba.

Mkanda ulipokamilika, ukabaki mchoro wa kando ya mlango tu, Shangazi akashusha kikapu. Candiru alikuwa anangoja ujumbe wa mchumba wake tangu asubuhi. Akaichukua simu yake, akaweka kidole. Ikakataa. Akapangusa kidole kwenye sketi, akaweka. Ikakataa. Udongo wa bondeni ulikuwa umejaa kwenye mistari yote ya ngozi.

"Haikujui!" wenzake wakapiga kelele. "Imekuona mgeni!"

Akajaribu kidole kingine, na kingine. Halafu akacheka, akaitupa kikapuni, akarudi kupiga magoti penye mchoro wa mlango.

Kikapu kikanguruma tena. Hakuna aliyegeuka isipokuwa mimi. Nikamtazama Shangazi. Akaniitikia kwa kichwa, nikaichukua simu yangu iliyokauka udongo. Alikuwa Lemi. Alikuwa amepiga mchana kutwa, kumbe.

"Fundi! Candiru? Vidole?"

Nikamtazama Candiru akichora, ulimi ameubana kati ya meno.

"Vipo vyote," nikamwambia. "Vyeusi mpaka simu yake haimjui."

Nikasikia Lemi anashusha pumzi huko Arua, pumzi ndefu. Shangazi akanyoosha mkono.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Rudisha."

Nikarudisha.